Marehemu Aliyefungua Kazi Saa Moja na Nusu

Zamani programu ya biro, ofisi yetu, ilikuwa inasafiri mugongoni mwangu. Ilikuwa ndani ya flashi, flashi ndani ya mufuko wa plastiki sababu ya mvua, mufuko ndani ya begi, na begi mugongoni, na mimi nyuma ya dereva wa pikipiki nikimushika mabega na kumwomba Mungu kwenye kila daraja la miti. Kazi yetu ni ya serikali: kuandika watoto wanaozaliwa na watu wanaokufa, katika Kasongo na Kabambare. Mimi ni mwanamuke wa kazi ya ordinateri, kompyuta. Kila programu ilipobadilishwa kule juu, nilipashwa kuifikisha posti kwa posti: Nyangwe kando ya muto, Lusangi kwenye mashamba na mashimo ya wachimbaji, Kabambare, na vijiji ambavyo hata wenyeji wake wanakuuliza umefuata nini. Nikifika posti ya mwisho, ile ya kwanza imekwisha kuchelewa tena. Nyangwe wanaandika na programu ya mwaka uliopita, Kabambare na ya mwaka huu, na kuna posti moja, sitaitaja, ambapo agenti alikuwa ameifuta kabisa ili apate nafasi ya filamu. Nilimutukana. Aliniletea kiti na maji ya kunywa, akaniambia nisikasirike, filamu yenyewe ilikuwa nzuri.

Basi siku ilipokuja barua kwamba programu haitasafiri tena, nilifurahi kama mutu aliyetuliwa mzigo wa kuni. Barua ilieleza hivi: programu itakaa pahali pamoja, ndani ya mashine moja kubwa, Kasongo, katika chumba cha nyuma cha biro yetu, pamoja na batri, na pano za jua, na antena juu ya bati. Kule kwenye posti, ordinateri zitabaki tupu. Agenti atafungua yake, ataandika jina lake na ufunguo wake, maana ndivyo tunavyoita neno la siri, na kupitia rezo, mutandao, ataiona programu ya Kasongo na kuandika ndani yake. Nikibadilisha kitu Kasongo asubuhi, Kabambare wanakiona asubuhi ileile. Mugongo wangu ulisema aksanti. Sikujiuliza ni kitu gani kingine kitaanza kuonekana.

Pamoja na barua ilikuja lisiti, orodha ya majina ya maagenti, kutoka kwa wakubwa wetu wa Kindu. Kila mwenye nambari ya serikali, matrikule, apewe ufunguo. Asiye na matrikule, hapana. Nilishuka na kidole jina kwa jina mpaka Lusangi, na pale kidole kilisimama. Agenti wa Lusangi alikuwa amekufa.

Nilikuwa kwenye maziko yake, nilitupa udongo kwa mukono wangu. Alikuwa muzee mupole. Macho yake yaliharibika miaka mingi kabla ya kufa, na kila mutu aliyefika kwake alijua kwamba anayeandika ni muke wake. Muzee aliuliza maswali, mama aliandika. Alipokufa tulikaa kilio, na matanga yalipoondolewa mama alirudi mezani akafungua ordinateri, sababu wanawake walikuwa wamesimama mulangoni na watoto. Mukubwa wa kijiji alisema hakuna ubaya, kwetu kazi ya marehemu haitupwi njiani, mutu wa nyumba yake anaishika. Ya mushahara usiniulize: muzee alikuwa kati ya wale wenye nambari bila mushahara, na kwetu hao ni wengi. Kitu mama alichopata ni ile meza. Watu walimupitishia ndizi na samaki, walimwita "mama wa biro", na hata wakubwa wa machimbo walivua kofia wakiingia. Bila ile meza alikuwa mujane kama wajane wengine, wa kulima shamba la shemeji.

Na kifo chenyewe hakuna aliyekiandika. Wewe fikiri: biro ya kuandika vifo, na kifo cha agenti wake mwenyewe kimewekwa pembeni! Hatukusahau. Tulijua wote, mimi na shefu wangu wa Kasongo na mama, kwamba siku kile kifo kitakapoandikwa jina litatoka kwenye lisiti, posti ya Lusangi itafungwa, na mama ataondolewa mezani. Tukanyamaza. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Sisi tulijifanya werevu kuwapita, tukaficha kifo chenyewe.

Ufunguo wa Lusangi niliupeleka mwenyewe. Nilikaa na mama mezani, nikamwonyesha dirisha jipya, nikamwambia aandike jina la mume wake pale juu. Aliniangalia kwanza.

"Na mimi nitaonekana wapi?" aliniuliza.

Nilimwambia hataonekana, na hiyo ndiyo salama yake. Alicheka kidogo, akasema miaka yote hakuonekana na watoto wa watu wameandikwa. Kisha akaliandika lile jina herufi kwa herufi, kwa kidole kimoja, yeye ambaye siku zote vidole vyake vilikuwa vinakimbia. Nilidhani anajifunza programu. Mujinga mimi.

Mwezi wa kwanza nilikuwa nafurahia skrini yangu. Agenti akifungua kazi, jina lake linageuka kijani, na saa yake pembeni, na posti yake. Nilijua Nyangwe wamefungua saa tatu. Nilijua Kabambare wamefungua saa nne sababu mvua ilinyesha, ao wamesema hivyo. Na kila asubuhi, saa moja na nusu, chai yangu bado ya moto, jina la kwanza kugeuka kijani katika Kasongo na Kabambare nzima lilikuwa la marehemu. Kila siku ya Mungu, na Jumamosi pia.

Hapo nilianza kuogopa. Ile skrini haikuwa yangu peke yangu. Kile ninachokiona mimi, Kindu wanakiona. Wakati wa flashi kila posti ilikuwa na siri yake, na siri ilikaa mbali, nyuma ya madaraja mabovu, haimusumbui mutu. Sasa nilikuwa nimezikusanya zote pahali pamoja kwa mikono yangu mwenyewe. Nikiona namba ya Kindu, natoka inje kwanza nipumue, ndipo naitika. Walikuwa wanauliza vitu vya bure, batri zinakaa namna gani, antena iko sawa, na mimi nilikuwa najibu na jasho kwapani.

Nilimupigia mama simu. Nilimwomba afungue kazi kwa kuchelewa, saa tatu, saa nne, kama watu wengine wa serikali. Nilimwomba akose siku moja moja, na akosee hata tarehe ya kuzaliwa ya mutoto mumoja. Nilimwambia wazi kwamba marehemu anafanya kazi kupita wazima na hiyo itatuua. Hakukubali. Alisema wanawake wa machimbo wanafika mapema na wanarudi kabla jua halijawa kali, na baba za wale watoto wanafuata zahabu, leo wako hapa, kesho hawajulikani. Mwanamuke akiambiwa rudi kesho, harudi, na mutoto anakua bila kuandikwa. Akaniambia nichunge skrini yangu, yeye atachunga watu wake. Nilikata simu kwa hasira. Halafu nikamupigia tena kuomba radhi, na rezo haikuwepo.

Nilikwenda kwa shefu. Alikuwa anamenya karanga. Aliniambia kwa upole kabisa kwamba yeye hajui kitu, kwamba ufunguo wa Lusangi nimeutengeneza mimi, na kwamba programu inaonyesha jina la aliyeutengeneza. Akanipa karanga. Nilizichukua, na mpaka leo najichukia sababu nilizichukua.

Zaidi ya mara moja niliweka mushale wa ordinateri juu ya kitufe cha kufunga ile akaunti. Kubonyeza tu, hakuna kingine. Mama atakuta mulango umefungwa, nitamwambia ni amri kutoka juu, na mimi nitalala vizuri. Kisha namwona pale mezani, kitambaa kimefungwa kichwani barabara, anamwuliza mama wa mapacha ni nani alitangulia kutoka. Naondoa mukono. Kesho yake, saa moja na nusu, kijani tena.

Halafu barua ikaja, na haikuwa ya hasira. Ingekuwa ya hasira ningejua pa kujificha. Kindu walikuwa wamelinganisha posti zote na kukuta Lusangi imeandika watoto wengi kuliko zote, na makosa yake ni machache kuliko zote. Kontroleri, mukaguzi wao, atakuja Kasongo. Agenti wa Lusangi naye aje, apewe mukono wa pongezi, aelezee wenzake namna anavyofanya kazi. Shefu alisoma mara mbili, akakunja barua, akaenda musikitini na saa ya sala bado.

Niliachiwa mimi kujibu. Niliandika kwamba muzee ni mugonjwa na hawezi kusafiri. Kwamba hawezi kusafiri haikuwa uongo. Niliona nimejiokoa, na usiku ule nililala. Kumbe nilikuwa nimejifunga kamba mwenyewe, na kosa lenyewe lilikuwa la aibu kwa mutu aliyezaliwa hapa.

Kontroleri alifika, mwanaume mufupi, mutu muzima, anasema polepole na anatembea na chupa yake ya maji. Alikagua mashine, akasifu batri. Kisha akauliza Lusangi ni safari ya namna gani. Nilimwambia barabara ni mbaya, na agenti mwenyewe ni mugonjwa.

"Ndiyo sababu tutaenda," alinijibu. "Mugonjwa anatembelewa."

Ningejibu nini? Mutu gani wa kwetu anamukataza mwenzake kumwona mugonjwa? Tulipita sokoni, akanunua sukari na sabuni za kumupelekea muzee, akachagua sabuni kwa kuzinusa moja moja. Mimi nilimubebea mufuko.

Tulikwenda na pikipiki mbili. Kwenye kila kilima chenye rezo nilishika simu nimwambie mama afunge biro, akimbie, ajifiche shambani, sijui. Na kila mara pikipiki ya kontroleri ilikuwa imesimama pembeni yangu, na yeye ananiuliza kama nimechoka. Nilisema nimechoka. Alinipa maji yake.

Biro ya Lusangi ni chumba kimoja cha tofali za udongo, pano moja juu ya bati, na benchi mulangoni. Wanawake watano walikuwa wamekaa na watoto. Mama alikuwa mezani, anaandika. Alisimama, akatusalimia, akampa kontroleri kiti chake. Kontroleri aliweka sukari na sabuni juu ya meza, akasema ametoka Kindu kumwona muzee, na kama amelala asisumbuliwe, atamwona palepale kitandani. Wanawake wa benchi waliangaliana. Mimi niliangalia chini. Nilikuwa natafuta uongo mwingine, na mama aliniona. Aliona kabisa kwamba nitadanganya tena, akanitangulia.

"Baba, mume wangu alikufa," alisema. "Mwenye kuandika ni mimi."

Kontroleri hakupaza sauti. Aliuliza alikufa lini. Aliambiwa. Aliuliza nani aliandika kile kifo, na mama alimwambia hakuna aliyekiandika. Kisha akaomba aonyeshwe watoto walioandikwa tangu siku ile. Mama alifungua orodha, na yule mutu akapita jina kwa jina na kidole chake, kwa muda murefu, akiuliza habari ya huyu na ya yule. Mama alimujua kila mumoja: huyu mama yake alitembea siku mbili, huyu alizaliwa shimoni na nyanya yake ndiye aliyemuleta, huyu ni wa nyumba ile ya pale. Kontroleri hakupata kosa. Niliona uso wake unalainika, na matumaini yakaniingia, yale matumaini ya kijinga.

Alisema watoto hawa wameandikwa vizuri na yeye hatawagusa, ataandika katika raporti kwamba wabaki. Niliona mama anashusha mabega. Lakini marehemu, alisema, hawezi kubaki kwenye lisiti ya serikali.

"Andika kifo," alimwambia. "Leo. Na wewe mwenyewe."

Mama alikaa. Programu inauliza maswali yake kwa mupango, na ule mupango niliupanga mimi: jina la marehemu, siku, pahali, anayeleta habari, ni nani wake. Kwenye anayeleta habari aliandika jina lake, na pembeni akaandika "muke". Ilikuwa mara ya kwanza jina lake linaingia mule ndani. Swali la mwisho ni anayeandika, na pale hakuna wa kuandika kitu, programu inajaza yenyewe kufuatana na ufunguo. Ikajaza jina la mume wake. Mikono ya mama ikasimama.

"Mashine inasema ni yeye anaandika kifo chake," aliniambia.

Nilimwambia pahali pale hapabadilishwi. Nilipafunga mwenyewe, ili maagenti wasiweze kudanganya. Alikaa akiliangalia lile jina mara mbili kwenye karatasi moja ya skrini, juu kama marehemu na chini kama mwandishi. Kisha akabonyeza.

Kontroleri akanigeukia. Nilijua anataka nini. Ordinateri yangu ilikuwa magotini. Nilitafuta akaunti ya Lusangi na kuifunga, na palepale mezani kwa mama dirisha likatoweka, yakabaki maneno kwamba mutumiaji huyu hayupo. Mama aliyasoma. Wakati wa kilio nilimwona, macho makavu, anapikia wageni. Siku ile alilia. Alilia na sauti, kichwa juu ya meza, na wanawake wa benchi waliingia na watoto wao wakamuzunguka na kumushika kama inavyofanywa siku ya maziko. Nilitamani ardhi inimeze, nasema kweli.

Alipotulia kidogo, kontroleri aliwaeleza wale wanawake kwamba tangu leo wataandikisha watoto Kasongo. Walinung'unika. Mumoja wao, musichana tu, mutoto wake bado mwekundu, alisema ametoka machimboni na miguu, na Kasongo haijui. Akamulaza mutoto juu ya meza, pembeni ya sukari na sabuni, akasema anangoja aandikwe.

Sijui nilipata wapi moyo. Nilisogeza ordinateri yangu mbele ya mama, mbele ya macho ya kontroleri, nikamwambia aingie na jina langu. Mimi niko na matrikule na mimi ni muzima. Kontroleri aligeuza uso akaangalia inje. Nilielewa kwamba anajifanya hajaona, na kwamba hatafanya hivyo mara ya pili.

Mama alijifuta uso na pembe ya kitenge.

"Hapana, binti yangu," alisema. "Jina la mutu mwingine limetosha."

Alivuta kaye na biki, daftari na kalamu yake. Alimwuliza yule musichana maswali yote, kwa mupango uleule, bila kuruka hata moja, na kuandika. Chini kabisa, kwenye anayeandika, aliweka jina lake lote, la baba yake na la kwake. Mahali pa matrikule alipiga mustari. Alichana ile karatasi vizuri kwa kuifuata na kidole, akampa.

Kontroleri alimwambia, bila ukali, kwamba karatasi ile haina nguvu pahali popote. Mama alijibu kwamba anajua. Musichana, ambaye kusoma hakujua, aliuliza kama jina la mutoto wake liko pale.

"Iko," mama alimwambia.

Musichana aliikunja ikawa ndogo, akaifunga kwenye pembe ya kitenge chake, akambeba mutoto akaenda. Wale wengine walirudi kwenye benchi, wakakaa kwa mustari wao, na mama akauliza ni nani anayefuata.